Samadi na Mbolea ya Dukani: Tunachobishania na Tunachokisahau

Msimu wa kupanda unapokaribia katika Nyanda za Juu Kusini, mabishano hurudi yaleyale. Wapo wanaosema mbolea ya dukani imeiua ardhi: ukiitia mwaka huu, mwakani shamba halitoi kitu bila hiyo. Wapo wanaojibu kwamba bila mbolea hakuna mahindi, na kwamba anayewahubiria wenzake samadi hajawahi kuisomba kwa tenga kichwani kutoka zizini hadi shamba la mlimani. Mikutano huishia hapo, na siku ya kupanda kila mtu anapanda alivyozoea.

Gharama ya mabishano haya ni kubwa. Mkulima anauza mbuzi, ananunua mfuko wa DAP, mvua inanyesha vizuri, na bado anavuna gunia sita kwa ekari. Anahitimisha kuwa ameuziwa mbolea feki. Wakati mwingine ndivyo ilivyo: mwaka 2024 wakulima wa Kenya waliuziwa, ndani ya mpango wenyewe wa ruzuku, mifuko isiyokuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Lakini yako mashamba mengi ambako mbolea ilikuwa halali kabisa na shida ilikuwa chini yake, kwenye udongo usioweza kuipokea. Shida hiyo haiondoki kwa kuchagua upande kati ya zizi na duka, wala kwa kuongeza mifuko. Nchi zetu zimeweka fedha nyingi kwenye mfuko na fedha kidogo mno kwenye udongo unaoupokea mfuko huo, na hilo ndilo kosa ninalotaka kulionyesha hapa.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo maneno mengi huishia. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na naitrojeni kilo 15 hivi, na mabua yake yana nyingine kama nusu ya hizo. Anayetaka gunia 20 za kilo 100 kwa ekari anahitaji zao lake lipate naitrojeni inayokaribia kilo 45. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Kwenye karatasi, mifuko miwili imetosha. Shambani haitoshi, kwa sababu mmea ukibahatika hupata nusu tu ya kilichotiwa. Kingine kinapaa hewani, kinazama na maji ya mvua, au kinabaki kwenye udongo. Sehemu iliyopungua inapaswa kutoka kwenye udongo wenyewe, kwenye ile akiba nyeusi inayooza taratibu na kuachia virutubisho. Shamba lililoishiwa akiba hiyo halina cha kuongezea.

Sasa tuipime samadi kwa mizani hiyohiyo. Samadi kavu ya ng'ombe iliyotunzwa vizuri ina naitrojeni kama asilimia moja na nusu. Ile iliyokaa juani na kunyeshewa kwenye boma la wazi, nusu yake mchanga, mara nyingi haifiki asilimia moja. Tuchukue asilimia moja kamili. Kupata zile kilo 23 zilizomo kwenye mfuko mmoja wa urea, unahitaji samadi kavu kilo 2,300, na msimu wa kwanza mmea utapata labda theluthi ya hiyo naitrojeni, kwa kuwa iliyobaki imefungwa ndani ya vitu ambavyo havijaoza. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa takriban tani moja ya kinyesi kikavu kwa mwaka, na kama anachungwa mchana kutwa, karibu nusu anaiacha malishoni. Familia yenye ng'ombe wawili, basi, inakusanya tani moja kwa mwaka, yaani naitrojeni isiyofika nusu ya mfuko mmoja.

Anayesoma hesabu hiyo haraka ataiweka samadi kando. Atakosea, kwa sababu urea ni naitrojeni peke yake. Samadi huja pia na fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesi na zinki, na huja na kitu ambacho hakuna mfuko unaokiuza: mboji inayoshika maji na kuzuia virutubisho visizame. Kwa hiyo vitu hivi viwili havifanyi kazi moja, na mkulima mwenye kimoja bado hajakidhi haja ya kingine.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa kilimo hai hawalisemi vya kutosha. Ng'ombe hatengenezi virutubisho. Anavikusanya tu: anakula nyasi huko, analala hapa, na kilichokuwa cha ardhi ya huko kinakuwa cha ardhi ya hapa. Hakuna mahali panapolionyesha hili vizuri kama Kagera. Mkoani humo Wahaya walijenga kwa vizazi vingi bustani za migomba na kahawa, vibanja, zenye udongo mweusi wa kupendeza, katika nchi ambayo kiasili ina udongo mwepesi uliooshwa na mvua nyingi. Ukitoka kwenye kibanja hatua chache unakutana na rweya, uwanda wa nyasi usio na rutuba, ambako zamani walilima njugumawe kidogo na kuupumzisha kwa miaka mingi. Kibanja kilinenepa kwa sababu rweya ilikonda. Ng'ombe waliokula rweya walilala karibu na nyumba, na nyasi zilizokatwa rweya zilitandazwa chini ya migomba. Ulikuwa ufundi mkubwa, na uliwalisha watu wengi kwa muda mrefu. Lakini ulihitaji eneo kubwa la nyasi kwa kila kibanja kimoja. Watu walipoongezeka, vibanja vikagawanywa kwa wana na wajukuu, na kaya nyingi zikabaki bila ng'ombe, njia ile ya virutubisho ikakatika. Hali ya kihamba, bustani ya nyumbani ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, haiko mbali na hiyo: kina mama wanashuka tambarare kukata majani, wanayapandisha kwa gari au kichwani, ng'ombe wa ndani anayala, na samadi inaenda kwenye mgomba. Anayelipa hapo ni tambarare.

Kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria kinatufundisha upande wa nguvukazi. Wakara walijulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe kwenye mashimo ndani ya nyumba, kuwakatia majani, kulundika samadi na kuisomba hadi shambani, na pia kupanda marejea ili waifukie kama mbolea ya kijani. Walifanya hivyo kwa sababu kisiwa ni kidogo, watu ni wengi na ardhi ya kuhamia haipo. Waliohamia bara, ambako ardhi ilikuwa tele, wengi waliacha kazi hiyo yote na kulima kwa kutanua shamba. Hawakusahau maarifa. Walipima jasho na faida wakaona haviendani. Kila mpango wa kuhimiza samadi usiohesabu jasho hilo utaishia kwenye semina.

Jiografia nayo haitusaidii. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, idadi ambayo nchi chache za Afrika zinaifikia. Lakini kundi kubwa liko Shinyanga, Simiyu, Tabora, Mwanza na Manyara, wakati mahindi mengi ya sokoni yanatoka Ruvuma, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa. Samadi ni nzito na thamani yake kwa kila kilo ni ndogo, hivyo haisafiri mbali bila kula faida yote. Inasafiri pale tu ambapo zao linalipa: malori hupakia samadi ya maboma ya Wamaasai wa Kajiado na Narok kupeleka kwenye kahawa na mboga za Kenya ya kati. Mkulima wa mahindi ya kula hawezi kulipia lori hilo.

Je, tunaweza kuishi kwa samadi na mboji tu? Sri Lanka ilijaribu kwa amri. Aprili 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alipiga marufuku kuingiza mbolea na dawa za viwandani, akitaka nchi nzima igeukie kilimo hai mara moja. Mavuno ya mpunga yalishuka kwa takriban asilimia 20 katika miezi sita ya kwanza, chai ikaathirika, nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikaagiza kutoka nje, na ilipofika Novemba mwaka huohuo marufuku ilikuwa imeondolewa. Wakulima hawakuwa na samadi ya kujaza pengo, na hakuna aliyekuwa amewaandalia. Nchi yenye shida ya chakula haiwezi kufanya majaribio ya namna hiyo juu ya watu wake.

Turudi kwa wanaosema mbolea inaua ardhi, maana hawa hawasemi uongo. Wameona kitu kwa macho yao. Kinachotakiwa ni kukieleza sawasawa.

Kuna mashamba mawili ya utafiti nchini Uingereza ambayo yanajibu swali hili vizuri kuliko mihadhara mingi. La kwanza ni Broadbalk, katika kituo cha Rothamsted, ambako John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza mwaka 1843 kupanda ngano kwenye vipande vya ardhi vyenye mbolea tofauti. Majaribio hayo yanaendelea hadi leo. Kipande kimoja kimepewa samadi tani 35 kwa hekta karibu kila mwaka. Vingine vimepewa mbolea za viwandani tu. Kimoja hakikupewa kitu. Baada ya zaidi ya miaka 170, vipande vya mbolea za viwandani bado vinatoa ngano nyingi, na kwa muda mrefu mavuno yake yalilingana na ya kile cha samadi. Ardhi haikufa. Lakini mboji ya kipande cha samadi ilipanda hadi zaidi ya mara mbili ya ile ya majirani zake. Na zile tani 35 si kiasi ambacho mkulima wa Mbozi atakiota hata kwa ndoto njema.

Shamba la pili ni Woburn, ambako majaribio yalianza 1876 kwenye udongo wa kichanga. Huko mambo yalikwenda vingine. Vipande vilivyopewa chumvi za amonia mwaka baada ya mwaka vilizidi kuwa na tindikali, na baada ya miaka ipatayo 20 nafaka zilikuwa zinashindwa kumea. Mbolea ilikuwa ya aina moja na ile ya Rothamsted. Tofauti ni kwamba wakulima wa zamani wa Rothamsted walikuwa wameijaza ardhi yao chokaa kwa vizazi kabla ya majaribio kuanza, na udongo ule mzito ulikuwa na uwezo wa kuimeza tindikali. Mchanga wa Woburn haukuwa na kinga hiyo. Walipotia chokaa, mazao yalirudi.

Hilo ndilo jambo linalotokea kwenye udongo mwekundu wa Nyanda za Juu Kusini na wa Kenya magharibi. Amonia inayotokana na mbolea za SA, DAP na urea inapogeuzwa na vijidudu vya udongo, huacha tindikali. SA ni kali kuliko zote. CAN ina chokaa ndani yake na madhara yake ni madogo. Mvua nyingi huosha kalsiamu na magnesi, na kila gunia linalouzwa mjini huondoka na kiasi kingine. pH ikishuka chini ya tano na nusu, alumini iliyokuwa imetulia kwenye udongo huyeyuka na kuanza kuunguza mizizi. Mizizi mifupi haifikii maji wala chakula. Fosforasi ya DAP uliyoinunua kwa bei kubwa inanaswa na chuma na alumini kabla mmea haujaionja. Mkulima anaona majani ya zambarau, mahindi yaliyodumaa, na anaamini mbolea ni sumu. Anayemshauri aongeze mfuko mwingine anamzidishia tatizo.

Yale malalamiko mengine, kwamba ukianza mbolea huwezi kuacha, yana maelezo yake. Mavuno yanapopanda kwa naitrojeni, mmea unachota potasiamu, salfa na zinki nyingi zaidi kuliko awali, na vitu hivyo havimo kwenye urea. Mabua yakichomwa au kulishwa mifugo ya jirani, havirudi. Baada ya misimu kadhaa akiba ya udongo iko chini kuliko ilivyokuwa kabla ya mfuko wa kwanza. Ukiacha mbolea hapo, shamba lazima lianguke. Udongo haukuzoeshwa ulevi wowote. Umetolewa zaidi ya ulichorudishiwa. Watafiti waliokadiria hali ya Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta mashamba yakipoteza kwa wastani naitrojeni kilo 22, fosforasi kilo 2.5 na potasiamu kilo 15 kwa hekta kila mwaka, na hapo mbolea za viwandani zilikuwa hazitumiki kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo uchovu wa ardhi ulikuwepo kabla ya mfuko. Mfuko mmoja wa aina moja uliuchelewesha kidogo, kisha ukauficha.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi uko Kabete, pembezoni mwa Nairobi, ambako tangu 1976 kumekuwa na majaribio ya mahindi kwenye mvua ndefu na maharage kwenye mvua fupi. Kipande cha mbolea ya viwandani peke yake kilianza kwa mavuno makubwa, kisha yakaporomoka. Cha samadi peke yake kilianza chini lakini kikastahimili. Kilichoongoza kwa muda mrefu ni kile kilichopewa vyote viwili na mabua yake yakarudishwa. Na kuna habari nzito zaidi ndani ya matokeo hayo: mboji ya udongo ilipungua kwenye vipande vyote, hata kile kilichopata samadi tani 10 kwa hekta kila mwaka. Hapo ilipungua polepole kuliko kwingine, lakini ilipungua. Kulima kila msimu bila mapumziko ni kazi ghali kwa udongo wa tropiki, na anayesema ana dawa moja ya kuumaliza ubishi huu hajasoma Kabete.

Huko Murewa, Zimbabwe, watafiti walipima mashamba ya karibu na nyumba na ya mbali katika kaya zilezile, kwenye udongo wa kichanga. Ya karibu yalikuwa yamepata samadi kwa miaka mingi, kwa sababu ni rahisi kuifikisha. Walipoweka mbolea ya dukani kote, ya karibu yaliitika vizuri. Ya mbali hayakuonyesha mabadiliko ya maana. Ilibidi yapewe samadi nyingi kwa misimu kadhaa ndipo yakaanza kuijibu mbolea, na hata hapo kwa kusuasua. Kila mkulima wetu mwenye shamba la nyuma ya nyumba na shamba la porini anaujua ukweli huu. Kwenye shamba lile la porini, la mchanga na lenye gugu la kiduha kila kona, mfuko wa urea ni sawa na maji kwenye tenga.

Hapo ndipo sera inapopaswa kuulizwa maswali. Juni 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kuazimia kwamba matumizi ya mbolea yapande kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Mwaka huo ulifika na bara lilikuwa mbali sana na lengo. Tanzania ilikuwa na mfumo wa vocha za pembejeo kuanzia msimu wa 2008/09, na vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, mfuko wa DAP ukipita shilingi 120,000, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya Agosti 8 jijini Mbeya, bei ikashushwa hadi shilingi 70,000. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23. Kenya nayo ilishusha bei ya mfuko hadi shilingi 2,500 za Kenya mwaka 2023.

Siipingi ruzuku. Mwaka 2022 bila hiyo wengi wangepanda bila kitu, na njaa ingefuata. Ninachokilalamikia ni kwamba imejengwa juu ya kipimo kimoja: tani za mbolea zilizosambazwa. Hicho ndicho kinachotangazwa na ndicho kinacholipiwa. Chokaa ya kilimo haikupewa nafasi inayolingana, ingawa ipo Songwe, katikati ya mikoa yenye tindikali, na ingawa ukishaitia inafanya kazi kwa misimu kadhaa. Kiasi kinachohitajika ni kikubwa, tani moja hadi mbili kwa hekta na wakati mwingine zaidi, na usafiri ndio unaomshinda mkulima. Basi hapo ndipo ruzuku ingekuwa na maana zaidi ya kununulia mfuko wa tatu wa urea. Tuna fosfati ya Minjingu, Manyara, ambayo ni mabaki ya ndege wa majini wa ziwa la kale, na ambayo huyeyuka vizuri hasa kwenye udongo wenye tindikali. Kwa miaka mingi wakulima wengi waliikataa kwa sababu haionyeshi matokeo ya haraka kama DAP, na ilipowafikia bila maelezo walikuwa na haki ya kuikataa.

Kupima udongo nako bado ni jambo la wachache. Kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, kina ujuzi wa udongo wa nchi hii uliokusanywa kwa miongo, na halmashauri zimepewa vipimo vya kupelekwa shambani. Lakini mkulima wa kawaida bado ananunua mbolea kwa kufuata jirani au kwa kile kilichobaki dukani. Mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Nairobi Mei 2024 uliweka afya ya udongo kwenye jina lake na kuahidi kurejesha angalau asilimia 30 ya ardhi iliyochakaa. Ni maneno mazuri. Abuja nayo ilikuwa na maneno mazuri.

Shambani, mengi yanaweza kuanza bila kumngoja yeyote. La kwanza ni samadi yenyewe. Karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe iko kwenye mkojo, na kwenye zizi la udongo mtupu yote inazama au inapaa. Ile harufu kali ya asubuhi ni naitrojeni inayoondoka. Mabua makavu au majani yakitandazwa chini ya ng'ombe, mkojo unanyonywa na kubaki. Lundo likiwekwa kivulini na kufunikwa kwa majani ya mgomba, mvua haiwezi kuliosha. Liache lioze hadi lisiwe na joto, mbegu za magugu zife na funza wapungue. Samadi mbichi huunguza miche, na kwenye mboga za kuliwa mbichi huleta maradhi. Kazi hii ni ya mikono na jembe, na inaweza kuongeza thamani ya tani ileile maradufu.

La pili ni mahali pa kuitia. Ekari ya mahindi yaliyopandwa mbegu mbili kwa shimo, sentimita 75 kwa 60, ina mashimo karibu 9,000. Kiganja cha samadi cha gramu 200 kwenye kila shimo kinafanya chini ya tani mbili kwa ekari nzima. Ukiimwaga shamba zima utahitaji tani nne au zaidi kupata nguvu ileile karibu na mizizi. Kizibo cha soda cha mbolea ya kupandia, gramu 5 hivi, kikiwekwa kwenye shimo hilohilo na kutenganishwa na mbegu kwa udongo kidogo, ekari nzima inatumia kilo 45, pungufu ya mfuko mmoja. Njia hii ya kizibo ilienezwa na watafiti wa taasisi ya ICRISAT kwa wakulima wa mtama na uwele huko Niger, penye ukame kuliko kwetu, na imefika hadi kwenye mashamba yetu kwa sababu kila mtu anakipata kizibo. Urea ya kukuzia ifukiwe. Ikiachwa juu ya udongo wenye unyevunyevu na jua likawaka, sehemu kubwa inageuka hewa ndani ya siku chache, na mkulima amechoma fedha bila kuona moshi.

La tatu ni mikunde. Maharage, mbaazi na marejea hukamata naitrojeni ya hewani, na marejea iliwahi kuenezwa sana Ruvuma na wamisionari wa Peramiho. Alizeti pori inayoota kwenye mipaka ya mashamba ya Kenya magharibi ina majani yenye naitrojeni na potasiamu nyingi kuliko samadi, ingawa nayo, kama ng'ombe wa rweya, inahamisha tu kilichokuwa kwingine, na kuikata na kuibeba ni kazi ya siku nzima.

Viwanda navyo vimeanza kuelewa. Kule Burundi kampuni ya Fomi ilianza kutengeneza mbolea inayochanganya samadi na madini, na kampuni ndugu yake, Itracom, ikajenga kiwanda Nala, Dodoma. Samadi ya wafugaji wa kanda ya kati inapata mnunuzi, na mkulima wa kusini anapata mfuko wenye mboji ndani yake. Mboji ya mfuko mmoja haiwezi kuligeuza shamba lililochoka, na anayeuza asidai hivyo. Lakini ni mojawapo ya njia chache za kuivusha samadi kutoka kanda yenye ng'ombe hadi kanda yenye mahindi bila lori la kinyesi kitupu.

Kwa Wizara ya Kilimo na halmashauri, ombi langu ni moja lenye vipande vitatu. Ruzuku ya msimu ujao iingize chokaa na usafiri wake kwa wilaya zenye tindikali. Kila mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo wa ruzuku apimiwe udongo angalau mara moja kila baada ya miaka mitatu, na matokeo ndiyo yaamue aina ya mfuko anaopewa. Na fedha kidogo, hata sehemu moja ya kumi ya zinazonunua mbolea, ziende kwenye mabanda ya kutunzia samadi, mikokoteni ya kuisomba na mbegu za mikunde. Mkulima naye, kabla ya kuuza mbuzi kununua mfuko mwingine wa DAP, achukue udongo wa shamba lake akaupime.